Jozi ya samaki klauni isiyoelewana: dalili, sababu na hatua za kuchukua

Malalamiko ya wafugaji wa samaki klauni, samaki wadogo wa baharini wanaofugwa katika matangi ya kioo, yanafanana sana. Mkubwa anamng'ata mdogo, mdogo anatetemeka kama mgonjwa, wawili waliokaa pamoja mwaka mzima hawatagi, au jozi ya siku nyingi inageukiana usiku mmoja. Mengi kati ya haya hayahitaji dawa, na baadhi yake si kasoro hata kidogo. Kwa kuwa tiba isiyohitajika inaweza kuua samaki, inafaa kuanza na maumbile yao.

Samaki klauni huanza maisha bila kuwa dume wala jike kamili. Ndani ya mwili wa kila mmoja zimo chembe za uzazi za pande zote mbili, na cheo chake katika kundi ndicho kinachoamua zipi zikomae. Baharini, katika anemoni mmoja (mnyama wa baharini mwenye minyiri, ambamo samaki hawa huishi), mkubwa kuliko wote ni jike, anayemfuata ni dume wake, na waliobaki ni vijana wasiozaa, wanaongoja zamu kwa mpangilio wa ukubwa. Jike akifa, dume hugeuka jike na kijana mkubwa hupanda kuwa dume. Hans Fricke na Simone Fricke walilieleza jambo hili mwaka 1977 katika jarida la Nature, naye Peter Buston, aliyechunguza Amphiprion percula huko Papua Guinea Mpya, alionyesha mwaka 2003 kwamba walio chini huzuia ukuaji wao ili wasimkaribie kwa ukubwa aliye juu yao. Mabadiliko haya hayarudi nyuma: aliyekwisha kuwa jike atabaki jike hadi afe.

Kwa sababu hiyo, kung'atana peke yake hakukuambii kitu. Mwangalie anayeng'atwa. Akijibu kwa unyenyekevu, jozi inajengeka. Akikimbia tu bila kujibu, au akirudisha mapigo, hapo kuna kazi ya kufanya.

Kabla ya kuhukumu, pata vipimo

Mtu akiniuliza kwa nini samaki wake wanapigana, mimi humwuliza kwanza aina yao, urefu wa kila mmoja kwa sentimita na hali ya maji. Amonia na nitraiti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki, ziwe sufuri, joto liwe kati ya nyuzi 25 na 27 za Selsiasi, na kipimo cha chumvi kiwe kati ya 1.023 na 1.026. Sisi tunaoishi mwambao na kuchota maji ya bahari badala ya kununua chumvi tuna mtego wetu: wakati wa masika maji ya ufukweni huchanganyika na ya mvua na mito, na kiwango cha chumvi hushuka bila macho kutambua. Chota maji yakiwa yamejaa, hasa siku za bamvu, mbali na mdomo wa mto na mfereji wowote, kisha yapime kabla ya kuyatia tangini.

Kuhusu aina, wengi hufuga Amphiprion ocellaris, yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari mitatu myeupe, ambaye si wa bahari yetu. Asili yake ni mashariki mwa Bahari ya Hindi na magharibi mwa Pasifiki, na wengi wanaouzwa wamezalishwa tangini. Huyo asiachiwe baharini kamwe. Wa kwetu ni Amphiprion allardi, mweusi-kahawia mwenye mapingili mawili meupe na mkia mweupe, na Amphiprion akallopisos, mwenye mstari mweupe mmoja unaopita mgongoni. Kuwakamata ndani ya hifadhi za bahari, kama za Malindi, Watamu au Mafia, ni kosa, na nje ya hifadhi uliza kwanza afisa uvuvi wa eneo lako. Mfugaji akiniambia ameweka ocellaris na allardi pamoja kwa matumaini ya kupata jozi, uchunguzi umekwisha: watenganishwe.

Dalili: mkubwa anamfukuza mdogo bila kumwacha apumue

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kupanga vyeo, na hilo ni jambo la heri. Huchukua siku chache, wakati mwingine wiki mbili. Mkubwa hukimbilia, hugusa ubavu kwa mdomo, hung'ata ncha ya pezi, kisha hugeuka na kuendelea na shughuli zake. Kaa mbele ya tangi kwa robo saa, usiwape chakula, usigonge kioo. Mkubwa anapomkaribia, mdogo anayekubali hulalia ubavu kidogo, mapezi ya kifuani yakikazwa, na kichwa hutikisika haraka haraka kwa sekunde mbili au tatu kama mtu aliyepigwa na baridi. Ukizima pampu na kusogeza sikio karibu na kioo huenda ukasikia vijimlio vikavu, tek-tek-tek. Eric Parmentier na wenzake walieleza mwaka 2007 katika jarida la Science kwamba samaki hawa hutoa mlio kwa kugonganisha meno ya taya. Ukiona tetemeko hilo, na mkubwa akaridhika na kuondoka, usiguse kitu.

Sababu ya pili ni kulingana kwa ukubwa. Samaki wawili wa sentimita nne na nne na nusu hawana cha kuwaambia nani yuko juu, hivyo hupimana nguvu kila siku. Wakiwa bado wachanga hilo humalizika lenyewe, kwa kuwa mmoja hula zaidi, hukua haraka na kumwacha mwenzake. Wapunguzie makali kwa kuwalisha mara tatu kwa siku, kidogo kidogo, katika pande mbili za tangi kwa wakati mmoja.

Sababu ya tatu haitokei mara nyingi lakini ndiyo inayoua: una majike wawili. Fahali wawili hawakai zizi moja, walisema wahenga, na kwa klauni mithali hiyo inawahusu mitamba. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa "jozi iliyokwisha kuoana" ya ocellaris wawili, kila mmoja akikaribia sentimita nane, nami kwa furaha sikuuliza kwa nini wamelingana hivyo. Siku ya kwanza walikaa mbalimbali. Siku ya pili walishikana midomo na kuzungushana hadi mchanga ukatimka. Asubuhi ya tatu nilimkuta mmoja amejibana nyuma ya hita, mkia wake umebaki nyuzinyuzi kama mswaki uliochakaa, akipumua kwa shida. Wala hakukuwa na tetemeko lolote kwa siku zote tatu. Hilo peke yake lilitosha kunifungua macho siku ya kwanza, kama ningejua cha kutazama. Ocellaris wa urefu huo aliyewahi kuishi peke yake au kuwa mkubwa wa kundi mchukulie kuwa jike, na usimpe mwenzake anayelingana naye.

Sababu ya nne ni nafasi. Katika tangi la lita 60 lenye jiwe moja katikati, anayefukuzwa hana kona ya kupotelea machoni pa mkubwa, na amri ambayo ingetolewa mara moja hurudiwa mara mia.

Marekebisho yaanze na yaliyo rahisi. Badilisha mpangilio wa mawe ili mkubwa apoteze mipaka aliyoizoea, ongeza maficho ya vigae au vipande vya bomba la plastiki, kisha ongoja siku mbili. Isipotosha, mtie mkubwa, si mdogo, ndani ya kapu la plastiki lenye matundu lililoning'inizwa tangini humo humo, kwa wiki moja hadi mbili. Wengi hufanya kinyume kwa kumwonea huruma mdogo, na matokeo yake mkubwa hubaki nje akilinda milki yake kwa hamasa zaidi. Mkubwa akiwa kapuni, mdogo huzoea tangi, na baada ya siku kadhaa utamwona akija kutetemeka mbele ya matundu. Hapo mfungue mkubwa jioni, taa zikiwa zimezimwa. Mdogo asipokuja kabisa baada ya wiki mbili, mrudishe dukani na utafute aliye mdogo zaidi, mwenye nusu hadi theluthi mbili ya urefu wa mkubwa.

Acha majaribio na uwatenganishe saa hiyo hiyo ukiona pezi limeliwa hadi nyama, jicho limevimba au magamba yametoka, au ikiwa mdogo hajala kwa siku mbili na anaelea pembeni karibu na uso wa maji. Kidonda chenye ukungu mweupe au wekundu unaotambaa kinahitaji daktari wa wanyama mwenye uzoefu wa samaki.

Dalili: mdogo anatetemeka, nadhani ana kifafa

Hii ndiyo hofu ninayoisikia mara nyingi kuliko zote, na mara nyingi mgonjwa ni mzima wa afya. Tetemeko la unyenyekevu lina mahali na wakati wake: hutokea mkubwa anapokaribia au wote wawili wanapokwenda kulala, na likiisha samaki huogelea kawaida na kula kwa pupa. Kwa hiyo jaribio la kwanza ni kumtazama akiwa mbali na mwenzake. Akitulia, funga mjadala.

Akitetemeka hata akiwa peke yake, pima amonia. Tangi jipya ambalo bakteria wake hawajakomaa, au tangi ambalo filta yake ilisimama kwa saa nyingi umeme ulipokatika, hujaza sumu inayowafanya samaki kurukaruka na kujisugua. Badilisha robo ya maji, wape hewa, na upime tena siku inayofuata.

Kisha fikiria ugonjwa, na hapa pana hatari ya kweli. Klauni hushambuliwa sana na kimelea kiitwacho Brooklynella hostilis, hasa wale waliokamatwa baharini na kusafirishwa. Ngozi hutoa ute mweupe unaobanduka kama utando, samaki hupumua harakaharaka juu ya maji, hukataa chakula, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mwingine, Amyloodinium, humfanya aonekane kama amenyunyiziwa unga laini. Tetemeko likiandamana na pumzi za haraka, ute au unga, usisubiri uone kama jozi itapatana. Mhamishie kwenye tangi la karantini na umwite daktari wa wanyama au mtaalamu wa magonjwa ya samaki siku hiyo. Brooklynella hutibiwa kwa kuogeshwa katika formalini, ambayo ni sumu kwa binadamu na inahusishwa na saratani. Haipimwi kwa kukisia, haitumiwi jikoni, na haimwagwi katika tangi kuu. Dawa za shaba nazo huua anemoni, kamba na konokono wote waliomo.

Ipo sababu ya mwisho, adimu lakini isiyosamehe: umeme unaovuja kutoka kwenye hita iliyopasuka au pampu iliyochakaa. Ukihisi mkono unawashwa au unafa ganzi ndani ya maji, utoe bila kugusa kifaa kingine, zima umeme kwenye swichi kuu, na umwite fundi umeme. Hata bila dalili hiyo, chomoa hita na pampu kabla ya kuingiza mkono.

Dalili: mmoja amehamia pembeni na hataki kurudi

Akiwa mgeni wa siku tatu, bado anatafuta mahali pake. Akiwa amekaa miezi na sasa amebanwa katika kona ya juu, amefukuzwa rasmi, na hatarudi kwa kubembelezwa. Fuata utaratibu wa kapu ulioelezwa hapo juu. Ukikuta waliobaki ni wawili wanaolala pamoja na yeye ni wa tatu, mtoe. Baharini wa tatu huvumiliwa kwa sababu anajizuia kukua, na anemoni mkubwa una nafasi ya kumkwepa mwenye nyumba. Tangi la nyumbani halina nafasi hiyo.

Ukosefu wa anemoni, kwa njia, si sababu. Klauni hujenga jozi vizuri kando ya chungu cha maua kilicholazwa. Kununua anemoni ili kuwapatanisha wanaopigana ni kuwaongezea kitu cha kupigania.

Dalili: jozi ya miaka miwili imeanza kupigana ghafla

Tafuta mayai kwanza. Jike mwenye kiota hubadilika tabia, humsukuma dume arudi kwenye ulinzi na huuma hata mkono wako unaposafisha kioo. Pitisha tochi juu ya jiwe, kigae au kioo karibu na mahali wanapolala, ukitafuta kiraka cha rangi ya chungwa chenye vijiyai vilivyosimama wima. Ukikiona, hasira hiyo itapita baada ya siku kumi hivi.

Pasipo mayai, kumbuka kama uliwatenganisha. Nimeona jozi zikivunjika kwa sababu mmoja alipelekwa karantini wiki mbili. Alirudi akapokelewa kama mvamizi. Mrejeshe kupitia kapu, kana kwamba hawajawahi kuonana. Sababu nyingine ndogo inayosahaulika ni kioo chenyewe: chumba kikiwa na giza na taa ya tangi ikiwaka, samaki huona kivuli chake, hukishambulia, kisha humalizia ghadhabu kwa mwenzake. Bandika karatasi nyeusi nje ya upande huo.

Lililo zito zaidi ni mapinduzi. Jike akiugua au akizeeka na kuacha kumtawala dume, dume huacha kutetemeka, huanza kula kwanza, na kukua. Ukiona jike aliyezoea kuongoza sasa amepungua mwili na anakimbizwa, usishughulike na ugomvi. Mtafutie yeye uchunguzi wa kitaalamu, kwa sababu ugomvi umekuja juu ya ugonjwa uliotangulia.

Dalili: jike amekufa, nimeleta mwingine, na mjane anataka kumuua

Hapa kosa ni la mfugaji, na linaeleweka. Amepoteza jike, basi ananunua jike. Lakini dume aliyebaki hakubaki dume kwa muda mrefu. Tabia yake hugeuka kwanza, ndani ya siku chache, ndipo viungo vya uzazi vinafuata kwa wiki kadhaa hadi miezi. Mgeni mkubwa unayemleta baada ya miezi miwili anakutana na jike mpya ndani ya nyumba yake.

Kama kifo kimetokea wiki hii, huenda jike mkubwa akapokelewa, lakini sipendekezi mtu ajaribu bila kapu na bila tangi la akiba. Njia salama ni kuacha maumbile yafanye kazi: mwache mjane apande cheo, kisha mletee kijana mdogo ambaye hajawahi kutawala popote. Mume wa jana atakuwa mke, na kijana atakuwa mumewe.

Dalili: wanapatana vizuri lakini hawatagi

Mara nyingi ni umri. Ocellaris wengi huhitaji mwaka mmoja na nusu au zaidi tangu kuanguliwa, na jozi mpya inaweza kuongeza miezi mingi juu ya hapo. Sababu ya pili ni chakula. Chembe kavu za dukani huwaweka hai tu. Jike anayetengeneza mamia ya mayai anahitaji uduvi, nyama ya kamba iliyokatwa ndogo na samaki mbichi, mara tatu kwa siku. Sababu ya tatu ni mwanga usio na mpangilio. Kwetu mchana wa saa 12 ni wa kawaida, lakini tangi la sebuleni huwashiwa taa hadi usiku wa manane kisha mgao wa umeme hulizima mchana. Tumia swichi ya saa, na ulikinge na taa ya chumba.

Ukiona wawili hao wanasugua sehemu moja ya jiwe kwa midomo siku mbili au tatu mfululizo, na kijimrija cheupe kimejitokeza chini ya tumbo la jike, mayai yako karibu. Usihamishe chochote.

Dalili: mayai yalikuwepo, sasa hayapo

Kutaga kwa mara ya kwanza hadi ya tatu, dume asiye na uzoefu huyala, na yasiyorutubishwa, yanayogeuka meupe, huliwa daima. Usumbufu na njaa hufuata katika orodha, na konokono au kaa wa usiku huja baada ya hapo. Dume anayeendelea kuyala mara ya tano au ya sita, katika maji safi na akishiba, huenda harutubishi vizuri, na hapo inabidi umwonyeshe mtaalamu picha za mayai ya siku ya tatu.

Hesabu siku kabla ya kumlaumu. Katika joto la nyuzi 26 mayai huangua kati ya siku ya saba na ya kumi, na ukiona macho yamekuwa kama fedha inayong'aa ndani ya vijiyai, ni usiku huo. Vifaranga hutoka saa moja au mbili baada ya giza kuingia, na kufikia asubuhi pampu imewavuta wote, ndipo mfugaji anapoamka na kusema wameliwa. Usiku huo zima filta kwa saa mbili, acha hewa ipite polepole, na uwashe tochi upande mmoja wa kioo. Watafuata mwanga, wembamba kama vipande vya uzi, na unaweza kuwachota kwa kikombe.